Pesa ya Novemba, Homa ya Machi

Mkulima wa Tandahimba mkoani Mtwara au Ruangwa mkoani Lindi hapokei mshahara wa mwezi. Pesa yake huja kwa mafungu, na mafungu yenyewe yanajulikana: ufuta kuanzia mwezi wa sita, mbaazi kuanzia wa nane, kisha korosho, ambayo minada yake hufunguliwa Oktoba na kuendelea mpaka Desemba, miaka mingine hadi Januari. Novemba ndipo mabati yanaponunuliwa, madeni ya duka yanapolipwa, harusi zinapofungwa. Januari inakula sare na madaftari. Februari mvua imeshakolea, watu wako kwenye palizi na chakula cha ndani kinaanza kuhesabiwa. Ikifika Machi, mkononi hakuna kitu.

Ugonjwa nao una kalenda yake. Malaria hupanda mvua zinapokolea na huendelea kusumbua wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano wa chini ya miaka mitano mkoani Mtwara akiwa na vimelea vya malaria, kiwango kilichozidiwa na Tabora peke yake. Kuhara, homa ya mapafu na vidonda vya shambani vinafuata msimu huohuo. Kwa hiyo pesa iko upande mmoja wa mwaka na ugonjwa uko upande wa pili, na kati yao kuna miezi minne.

Bima ya afya, ukiiondolea maneno ya semina, ni namna ya kuihamisha pesa ya Novemba ikamkute mgonjwa wa Machi. Mjadala wa sasa kuhusu bima ya lazima kwa kila kaya umekaa zaidi kwenye kiwango cha mchango. Kiwango kina uzito wake na nitakipigia hesabu hapa chini. Ila kwa mikoa hii miwili naona mambo matatu yana uzito zaidi: mchango unadaiwa lini, nani anahesabiwa kuwa mwanakaya, na kadi ikifika dirisha la dawa inakuta nini kwenye rafu.

Tulikotoka

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inamhudumia yeye, mwenza na wategemezi wanne. Kwa mwalimu wa Lindi mjini mfumo huu haumsumbui sana kwa sababu hauoni mchango ukiondoka. Unakatwa kabla mshahara haujafika. Wakulima na wavuvi waliwekewa njia nyingine, Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Mwaka 2018 ukaja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata ngazi za rufaa.

Gawa 30,000 kwa watu sita. Ni 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Hapo pana shida ambayo haihitaji mtaalamu: kiasi hicho hakiwezi kugharamia dawa, vipimo, kulazwa na upasuaji wa mtu yeyote, hata kama wenzake wote ni wazima. CHF ilikuwa rahisi kuilipia na nyembamba kuitumia. Wengi walioiacha waliiacha kwa sababu walifika zahanati wakaambiwa dawa haipo.

Ndipo ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Namba 13 ya mwaka 2023, iliyopitishwa na Bunge Novemba mwaka huo. Muswada wa awali wa 2022 ulikuwa umeifunga bima na huduma nyingine, kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na kuendelea na masomo ya juu ya sekondari. Ukazua malalamiko ukarudishwa kufanyiwa kazi. Wakati ule tarakimu iliyotajwa ilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, na huku Kusini watu walishtuka kwa haki. Kiwango kilichotangazwa baadaye kwa kifurushi cha msingi ni shilingi 150,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka.

Laki moja na nusu kwa kilo za korosho

Mwenye mikorosho hahesabu kwa mwezi, anahesabu kwa kilo. Oktoba 2023 minada ya kwanza ilifunguliwa kwa bei ya karibu shilingi 2,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo 150,000 ni kilo 75, na hapo hujaondoa makato. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, ulivuka shilingi 4,000. Mchango uleule ukawa kama kilo 38. Mzigo wa bima kwa kaya moja, yenye shamba lilelile, unaweza kupungua nusu au kuongezeka maradufu kati ya msimu mmoja na mwingine bila sheria kuguswa hata nukta.

Na makato yapo. Karatasi ya malipo ya mkulima ina safu kadhaa: uzito, daraja, bei ya mnada, kisha ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi, fungu la chama kikuu, ghala, usafirishaji, magunia. Anayeuza kilo 400 na anayeuza kilo 4,000 wanakatwa kwa kilo, kwa hiyo makato yanaendana na mavuno. Mchango wa bima hauko hivyo. Ni 150,000 kwa mwenye kilo 400 na 150,000 kwa mwenye kilo 4,000. Kwa wa kwanza, kwa bei ya 2,000, ni karibu moja ya tano ya mauzo yake yote ya korosho. Kwa wa pili haifiki moja ya hamsini. Mtumishi anachangia kwa asilimia. Mkulima anachangia kwa bei ya bidhaa dukani. Hili ndilo doa kubwa ninaloliona kwenye kiwango, na linaumiza zaidi wenye mashamba madogo ya Newala na Nanyamba ambao si masikini kiasi cha kuingia kwenye orodha ya msaada.

Lakini hesabu haiishii hapo, kwa sababu kutokuwa na bima nako kuna bei, na Kusini bei hiyo ina jina. Inaitwa kangomba, biashara ya kununua korosho nje ya mnada.

Mtoto wa miaka saba anapandisha homa Machi. Zahanati wanampima malaria na kumpa mseto bila malipo, kwa kuwa kipimo cha haraka na dawa ya mseto katika vituo vya umma ni bure. Hatulii. Anapelekwa kituo cha afya, damu imepungua, anahamishiwa hospitali ya wilaya, anaongezewa damu, analazwa siku nne. Kuna kitanda, vipimo vingine, dripu, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha anayemuuguza. Tuseme vyote vimefika 100,000. Nyumbani hakuna laki. Kuna mikorosho, na kuna mtu mwenye pesa taslimu anayejua kuwa kuna mikorosho. Anatoa laki leo, atachukua korosho Oktoba, kwa bei wanayokubaliana sasa hivi wakati mmoja wao ana mgonjwa. Wakikubaliana 1,000 kwa kilo, deni ni kilo 100. Oktoba mnada ukifungua kwa 3,000, kilo hizo zilikuwa na thamani ya 300,000. Homa ya laki moja imelipwa laki tatu, na aliyelipa hajaiona hata shilingi moja ikitoka mfukoni. Ameona gunia likiondoka.

Kangomba imepigwa marufuku miaka mingi na bado ipo, kwa kuwa inajibu shida ya kweli: pesa ya haraka wakati wa njaa na ugonjwa. Yeyote anayepigia hesabu bima vijijini Mtwara na Lindi aiweke kangomba kwenye mizani. Laki na nusu ya Novemba ni nyingi ukiilinganisha na sifuri. Ukiilinganisha na gunia la Machi, picha inabadilika.

Hilo ni kweli kwa sharti moja tu, kwamba kadi ifanye kazi.

Rafu

Chukua zahanati ya kijiji yenye watumishi wawili, mganga mfawidhi na muuguzi. Mama anafika saa mbili asubuhi na mtoto mwenye homa ya mapafu. Anatoa kadi. Kinachofuata kina hatua nyingi kuliko zinavyoonekana kutoka kwenye benchi.

Kwanza kadi ihakikiwe kwenye mfumo. Mfumo unataka umeme na mtandao. Umeme ukiwa umekatika na betri ya sola imechoka, au mtandao wa simu ukiwa unapanda na kushuka kama ulivyo vijiji vingi vya bondeni kuelekea Ruvuma, mtumishi ana njia mbili: amhudumie kwa imani kisha ahangaike na uhakiki baadaye, au amwambie asubiri. Kisha anamwona mtoto, anaandika ugonjwa, anaandika dawa, anajaza fomu ya madai. Fomu hiyo ndiyo pesa ya zahanati. Ikikosa sahihi ya mgonjwa, au namba ya kadi ikikosewa tarakimu moja, au ugonjwa ulioandikwa usioane na dawa iliyotolewa, dai linakatwa au linarudishwa. Mtumishi mmoja mwenye wagonjwa hamsini na chanjo za siku hiyo hukosea. Hakosei kwa uvivu, anakosea kwa kuchoka, na kila kosa ni dawa ambayo zahanati imetoa na haitalipwa.

Sasa rafu. Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD, ambayo kwa Kusini ina kanda yake Mtwara. Oda inapita halmashauri, inasubiri mzunguko, mzigo unakuja. Dawa isiyokuwepo MSD, kituo kinapewa uthibitisho kuwa haipo, na kwa uthibitisho huo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeingia mkataba kwa mkoa husika. Utaratibu ni mzuri. Tatizo ni kwamba mshitiri anataka pesa, na pesa ya zahanati imo kwenye madai ambayo hayajalipwa. Madai yakichelewa miezi mitatu, akaunti ya zahanati inakauka. Akaunti ikikauka, mshitiri hatoi mzigo. Mzigo usipokuja, mganga anatoka dirishani na kumwambia yule mama: dawa hii haipo mama, kanunue dukani.

Mama mwenye kadi ya mwaka mzima anakwenda duka la dawa muhimu na kutoa pesa. Sentensi ile fupi imeua CHF nyingi kuliko mchango wowote. Mwaka unaofuata hakati kadi tena, na jirani yake aliyekuwa anatafakari naye hakati. Michango inapungua, mfuko unakosa nguvu, madai yanachelewa zaidi, rafu inakuwa tupu zaidi. Mzunguko huu hauvunjwi kwa kampeni ya kuhamasisha. Unavunjwa kwa kulipa madai kwa wakati, hata ikibidi kituo kilipwe sehemu ya pesa kabla, kwa kufuata idadi ya wanachama waliosajiliwa eneo lake, kisha hesabu zisawazishwe baadaye. Zahanati zina akaunti zake benki na kamati zake za usimamizi. Mahali pa kuingizia hiyo pesa pameshajengwa.

Kuna na upande wa bei. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa kutokubaliana na bei mpya za kitita cha mafao. Dar es Salaam mgonjwa akikataliwa hapa anavuka barabara. Kusini hakuna barabara ya kuvuka. Ukitoa hospitali za serikali, kama Ligula pale Mtwara mjini, Sokoine pale Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, maelfu ya watu wa Masasi na Lindi wanategemea hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Bei ya upasuaji au ya chupa ya damu ikipangwa chini ya gharama, hospitali ya namna hiyo haina wateja matajiri wa kufidia pengo. Kwa hiyo majadiliano ya bei yanayofanyika Dodoma ni jambo la mgonjwa wa Chiwata, hata kama hajawahi kuyasikia.

Anayejiunga akiwa tayari mgonjwa

Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi waliipenda. Machi 2023 NHIF ikasitisha kuandikisha mtoto mmojammoja na kuelekeza waandikishwe kupitia shule au vifurushi vya familia. Wengi waliona ni ukatili, na kwa mzazi mwenye mtoto wa moyo au selimundu ulikuwa pigo kweli. Sababu yake ieleweke, kwa kuwa ndiyo sababu sheria mpya inalazimisha kaya nzima: waliokuwa wanakata kadi kwa wingi ni waliokuwa na mtoto anayeumwa tayari.

Chukua kijiji cha mfano chenye kaya 400. Kaya 40 zinajiunga, zote zina mwenye kisukari, shinikizo la damu au mjamzito wa rufaa. Michango ni 6,000,000. Wakitumia wastani wa 300,000 kwa kaya, matumizi ni 12,000,000. Mfuko umekufa mwaka wa kwanza. Kijiji hichohicho kikijiunga kaya 300, michango ni 45,000,000. Zile 40 zinatumia 12,000,000 zao, nyingine 260 zikitumia 60,000 kila moja zinaongeza 15,600,000. Jumla 27,600,000, na salio linabaki. Mchango ni uleule, wagonjwa ni walewale.

Kwa hiyo ulazima una mantiki. Ila ulazima bila dawa rafuni ni kodi tu, na watu wa huku wana kumbukumbu. Msimu wa 2018 Serikali ilichukua korosho kwa bei iliyotangazwa ya 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na malipo ya wengi yakasubiri uhakiki kwa miezi. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia toa kwanza, huduma utaiona, ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu.

Sita ni akina nani?

Fomu inasema kaya ya watu sita: baba, mama, wategemezi wanne. Nenda nyumba kumi za kijiji chochote cha uwanda wa Makonde uhesabu. Nyumba ya kwanza bibi analea wajukuu watano, mama zao wako Dar es Salaam au Mtwara mjini. Nyumba ya pili mume ana wake wawili, mmoja hapa, mwingine kijiji cha pili, kila mmoja na watoto wake na shamba lake. Nyumba ya tatu kuna mpwa anayesoma, kwa sababu kwa Wamakonde na Wamwera mtoto wa dada ni mtoto wa nyumbani kwa mjomba.

Wanaozidi sita hawamo. Ama walipiwe kivyao, ama wabaki nje. Nani abaki nje ni uamuzi ambao mwandikishaji anauacha mlangoni kwa familia, na familia huamua kwa namna inayojulikana: anaandikwa anayeumwaumwa, anaachwa anayeonekana mzima. Kijana wa miaka kumi na tano anaachwa. Halafu Januari anaanguka kutoka juu ya mwembe.

Kwenye nyaraka, bibi anakwama mapema zaidi. NHIF imezoea kudai cheti cha kuzaliwa kwa mtoto na cheti cha ndoa kwa mwenza. Wajukuu wengi hawana vyeti, au vyeti viko kwa mama mjini. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano asisubiri: usajili wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa umri huo hufanyika bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti kinatoka siku hiyohiyo. Kwa wakubwa zaidi ni safari ya ofisi ya wilaya na kiapo. Fanya hayo Agosti au Septemba, kabla ya minada, wakati ofisi hazijajaa.

Ndoa ya wake wawili itazamwe mapema pia. Mke wa pili mwenye mikorosho yake ambayo inauzwa kwa jina la mume hana malipo yanayopita kwenye akaunti yake. Mume akilipia kaya moja, ni kaya ipi? Dawa ya hili ni mke kufungua akaunti na kujisajili chama cha msingi kwa jina lake, apeleke korosho zake kwa jina lake. Hilo linasaidia hata nje ya bima.

Orodha ya wasio na uwezo

Sheria imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vyanzo vyake vimetajwa: sehemu ya tozo kwenye vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za vyombo vya moto, miamala ya kielektroniki. Kuwatambua ni kazi inayopita TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kwa kijiji, hiyo maana yake ni mkutano wa kijiji, majina yanasomwa kwa sauti, watu wanakubali au kukataa.

Hapo hukosewa kwa namna mbili. Moja ni orodha ya zamani: aliyekuwa hoi wakati wa kuandikishwa leo ana duka, aliyekuwa na nguvu leo amepooza. Ya pili ni ya kwetu kabisa. Mzee wa miaka sabini anakataliwa kwa sababu "ana mikorosho". Anayo kweli, miti arobaini ya enzi za baba yake, haijapigwa salfa misimu mitatu kwa kuwa hana nguvu ya kubeba pampu wala pesa ya kukodi mtu. Miti ile inampa kilo themanini kwa msimu. Mwenyekiti anayeendesha mkutano aulize kilo, asiulize miti. Chama cha msingi kina rekodi ya kila mkulima alipeleka kilo ngapi. Dakika tano za kuangalia daftari zinamaliza ubishi.

Kukata kwenye malipo ya korosho

Njia inayotajwa mara nyingi ni mchango ukatwe kwenye chama cha msingi kabla malipo hayajaingia benki. Naiunga mkono, kwa masharti ambayo nayaona hayakwepeki.

Mkulima asaini kwa hiari yake kabla ya msimu, kwenye mkutano mkuu wa chama, na fomu itaje majina ya watu wake sita na kiasi. Isikatwe yote kwenye malipo ya kwanza. Malipo ya kwanza yana madeni ya pembejeo na vibarua. Kata nusu hapo na nusu malipo ya pili. Kila mkulima awe na namba yake ya malipo ya Serikali, ile ambayo watu wanaiita kontroo namba, pesa iende moja kwa moja na ujumbe uingie kwenye simu yake. Risiti ya mkono ya karani haitoshi, kwa kuwa pesa ikikaa kwenye akaunti ya chama wiki sita, kadi haijaanza kufanya kazi na ugonjwa wa mtoto hausubiri. Orodha ya waliolipiwa ibandikwe ubaoni ofisi ya kijiji ndani ya siku saba. Na kwa wavuvi wa Kilwa, Mikindani na Msimbati, ambao hawana mnada wa msimu, utaratibu uleule ufanyike kwa kidogokidogo kwenye mialo. Wao pesa yao ni ya kila siku na inaisha kila siku.

Bima hailipi nauli. Aliweke hilo kichwani mwenye nyumba wa Liwale, ambako barabara ya Nangurukuru mvua ikinyesha inaweza kukufungia ndani siku kadhaa. Mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga wana mfumo wa dharura wa m-mama, namba 115, simu haikatwi pesa. Wengine wote nauli na chakula cha hospitali ni juu ya familia, kwa hiyo ukilipa mchango usimalize akiba.

Ukishalipa, uliza tarehe kadi inapoanza kutumika, na uiandike. Hakiki majina ya wote sita yalivyoandikwa kwenye mfumo. Herufi moja ikipishana na kitambulisho cha NIDA inakusumbua hospitali ya mkoa. Anza zahanati, chukua barua ya rufaa kabla ya kupanda gari la kwenda Ligula au Sokoine, labda iwe dharura. Ukiambiwa dawa haipo, omba iandikwe kwenye cheti kuwa haipo, tunza risiti ya duka, peleka vyote viwili kwa kamati ya usimamizi ya kituo. Malalamiko ya mdomo yanapotea. Karatasi mbili mkononi mwa mjumbe wa kamati zinaingia kwenye muhtasari wa kikao na Mganga Mkuu wa Wilaya anazikuta.

Halafu angalia mwisho wa kadi. Mnada wa mapema ukikulipa Oktoba 25 na ukalipia siku hiyo, kadi inaisha Oktoba mwaka unaofuata. Msimu huo mvua zikavuruga maua, minada ikachelewa, ukalipwa Desemba 10. Kuna wiki sita na ushee familia haina bima, na mfumo hauulizi kwa nini. Weka kando sehemu ya pesa ya mbaazi za Agosti kwa jina la kadi, au lipia nusu kwa pesa ya ufuta kama halmashauri yako inapokea kwa awamu. Na vyama vya msingi viombe sasa, kwa maandishi, kwamba kwa wakulima wa korosho kadi zote ziishe Desemba 31, haijalishi zimelipiwa lini kwenye msimu.